Kufuli la mwenye nyumba na matunzo ya baba: uchambuzi wa kisa kimoja cha Temeke

Mteja wetu alifika ofisini Jumatatu, saa mbili kasoro asubuhi, kabla hatujamaliza kufagia. Mtoto mmoja alikuwa mgongoni. Mwingine, wa darasa la pili, alisimama pembeni yake na kaptura ya nyumbani siku ya shule. Mkononi alishika mfuko wa salfeti wenye vitu vitatu: daftari la kuandikia mauzo ya maandazi, simu yenye kioo kilichopasuka, na kijitabu cha sheria ambacho kilikuwa fotokopi ya fotokopi, herufi zimefifia mpaka kurasa nyingine zinasomeka kwa kukisia.

Mlango wa chumba chake ulikuwa na kufuli la mwenye nyumba tangu Jumamosi jioni. Sare za mtoto, sufuria na karai la biashara, kadi ya kliniki ya mdogo, vyote vilikuwa ndani. Usiku mbili walilala kwa jirani. Mume alikuwa ameondoka miezi saba nyuma, na tangu hapo alituma pesa ya matumizi mara moja tu.

"Nimeambiwa nidai talaka kwanza," alisema, "ndiyo nipate matunzo, nikipata matunzo nilipe kodi, nikilipa kodi nifunguliwe mlango."

Ninaandika kisa hiki kwa ridhaa yake. Jina lake sitalitaja, wala mtaa, na mambo madogo nimeyabadilisha asitambulike. Mimi ni msaidizi wa kisheria, mmoja wa wale waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Tanzania ya 2017. Si wakili. Siruhusiwi kusimama mahakamani kumtetea mtu wala kumtoza mteja hata shilingi. Kazi yangu ni kueleza sheria, kusaidia kuandika, kusuluhisha pale inapowezekana, na kumwelekeza mtu mlango ulio sahihi. Neno mlango nalirudia makusudi, kwa sababu mteja huyu alikuwa amepanga milango minne kwa mstari mmoja, na ule aliouhitaji siku hiyohiyo ulikuwa wa mwisho. Kama tungefuata mpangilio wake, watoto wangekaa nje mwaka mzima.

Kwa hiyo jambo la kwanza tulilofanya ni kufungua mafaili mawili. Moja tuliandika NYUMBA, la pili WATOTO. Faili la tatu, la NDOA, tuliliacha tupu mezani, tukamwambia tutamuuliza baadaye kama analitaka.

Kijitabu alichokuja nacho

Nataka nikae hapa kidogo, maana mkasa mwingi ulianzia kwenye kijitabu hicho. Alikipata kwa mama mmoja wa kikundi chao cha kuweka na kukopa, naye alikipata kwenye semina miaka mingi iliyopita. Kimeandikwa kwa Kiswahili chepesi na kwa moyo mwema, kwa maswali na majibu. Ni aina ya maandishi ninayotamani yawe mengi zaidi. Tatizo lake moja ni kwamba hakina tarehe popote, si kwenye jalada, si ukurasa wa mwisho.

Kuhusu nyumba, kinasema mpangaji aliyefukuzwa aende Baraza la Nyumba la Mkoa. Mabaraza hayo yalikuwa chini ya Sheria ya Kuzuia Upandishaji wa Kodi za Nyumba ya 1984, na sheria hiyo ilifutwa 2005. Mteja wetu alikuwa ametumia nauli ya siku nzima kuulizia ofisi ambayo haipo. Alizungushwa huku na huku, na kila aliyemuuliza alimjibu kwa upole kwamba labda ni jengo la pili.

Kuhusu watoto, kinasema baba anaweza kuamriwa kutoa shilingi mia moja kwa mwezi. Hicho kilikuwa kiwango cha Sheria ya zamani ya Matunzo ya Watoto Waliozaliwa Nje ya Ndoa. Sheria hiyo haikumhusu tangu mwanzo, kwa kuwa yeye na mumewe walifunga ndoa bomani, na Sheria ya Mtoto ya 2009 iliifuta. Lakini alikuwa ameisoma, na ilimkaa kichwani. Aliniuliza kwa sauti ya chini, huku akimtazama mtoto: "Kweli serikali inasema shilingi mia?" Yeye andazi moja anauza shilingi mia mbili. Kwa miezi saba alikuwa hajaenda kudai kwa sababu aliamini kinachodaiwa ni nusu andazi kwa mwezi.

Nimeona watu wengi wakiumizwa na kutojua sheria. Huyu aliumizwa na kujua sheria iliyokufa. Aliyeandika kijitabu hakukosea, aliandika kilichokuwa kweli wakati wake, ila hakumwachia msomaji njia ya kutambua kwamba wakati umepita. Tangu siku hiyo, karatasi yoyote inayotoka ofisini kwetu ina mwezi na mwaka juu kulia, hata kama ni nusu ukurasa wa kueleza namna ya kuomba cheti cha kuzaliwa.

Faili la NYUMBA

Mkataba wa pango ulikuwa karatasi moja iliyoandikwa na dalali. Mpangaji: jina la mume. Chumba na sebule, kodi shilingi 60,000 kwa mwezi, imelipwa miezi sita kwa mkupuo. Muda wake uliisha mwezi uleule mume alipoondoka. Hapakuandikwa mkataba mwingine. Kilichofuata ni mama huyu kutuma 60,000 kila mwezi kwa simu, miezi mitano mfululizo, na kila mara mwenye nyumba alijibu kwa ujumbe mfupi. Niliomba anionyeshe. Ujumbe wa kwanza ulisomeka: "Nimepokea mwanangu ahsante." Mitano yote ilikuwepo, na tarehe zake. Miezi miwili ya mwisho hakulipa.

Hoja ya mwenye nyumba tuliifahamu kabla hatujamwona, kwa sababu huwa ni ileile: mkataba nilifunga na baba, huyu mama simtambui. Na kwa sababu mkataba wenyewe umekwisha, chumba ni changu.

Jibu lake limo kwenye ule ujumbe wa "mwanangu ahsante". Sheria ya Ardhi ya 1999 ina sehemu nzima kuhusu upangaji. Pale ambapo muda wa upangaji haukutajwa, upangaji huhesabiwa kwa kipindi cha kodi: anayelipa kwa mwezi ni mpangaji wa mwezi hadi mwezi, na anayetaka kuuvunja anatakiwa kutoa notisi isiyopungua kipindi hicho. Mwenye nyumba aliyepokea kodi ya mwezi mara tano kutoka kwa mtu anayeishi chumbani, akijua ni nani anayemtumia, ana kazi ngumu kusema hamtambui. Hiyo ndiyo hoja tuliyoiandaa. Sheria hiyohiyo inamtaka mpangishaji amwache mpangaji akae kwa utulivu bila kuingiliwa maadamu anatimiza masharti. Na hata mpangaji asipotimiza, anayetaka atoke wakati mwenyewe hataki kutoka, njia yake ni notisi na baada ya hapo chombo cha sheria. Kufuli la Jumamosi jioni, mama akiwa sokoni na sare za shule zikiwa ndani, haliwezi kuwa notisi.

Lakini lipo ambalo vijitabu vingi vya haki za wapangaji huliruka, nami naona ni kosa. Deni la miezi miwili lilikuwa deni la kweli. Kufungiwa mlango isivyo halali hakufuti kodi. Mteja akitoka ofisini akiamini kwamba kwa kuwa mwenye nyumba amekosea basi yeye hadaiwi, tumempeleka kwenye ugomvi ambao atashindwa. Tulimwandikia kwenye daftari lake, kwa mwandiko wake mwenyewe: Nadaiwa 120,000. Hakuipenda sentensi hiyo, lakini aliiandika.

Mchana tulikwenda ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti alimwita mwenye nyumba, akaja na mjukuu wake akimshika mkono. Ni bibi wa makamo makubwa, mjane, nyumba ina vyumba vinne, chumba kimoja analala mwenyewe na vingine ndivyo vinavyomlisha na kumnunulia dawa za presha. Nalitaja hili kwa sababu mwenye nyumba wa aina yake ndiye ninayekutana naye mara nyingi zaidi. Miezi miwili bila kodi kwake ni miezi miwili ya kukopa dukani. Alikuwa amekwenda kwa dalali kuomba ushauri, na dalali akamwambia: funga, atalipa tu.

Niliomba kitu kimoja kabla ya mazungumzo, kwamba mlango ufunguliwe kwanza, watoto wachukue nguo, ndipo tukae. Mwenyekiti akaunga mkono. Bibi akampa mjukuu ufunguo. Baada ya nusu saa yule wa darasa la pili alirudi amevaa sare, saa tisa alasiri, shule imeshafungwa. Hakuna aliyemwambia avue.

Tulipokaa, sikuanza na sheria. Nilimpa bibi simu ya mteja asome ujumbe wake mwenyewe, mitano, mmoja baada ya mwingine. Kisha mteja akafungua daftari na kusoma kwa sauti: nadaiwa 120,000. Naamini sentensi ile, iliyotoka kinywani mwa mdaiwa bila kuulizwa, ilifanya kazi kuliko vifungu vyote nilivyokuwa nimeviandaa. Bibi alisema, "Basi mwanangu, mimi nilidhani wanikimbia."

Makubaliano yaliandikwa siku hiyo. Deni litalipwa kwa awamu nne za 30,000, juu ya kodi ya kila mwezi. Mkataba mpya wa miezi sita kwa jina la mama, kodi ikilipwa mwezi kwa mwezi. Yeyote anayetaka kuuvunja atatoa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja. Hakuna kufunga mlango. Kila malipo yatakuwa na risiti. Nakala tatu, sahihi, dole gumba la bibi, muhuri wa mtaa.

Nieleze mipaka ya karatasi ile, maana watu huipa uzito usio wake. Serikali ya mtaa si mahakama. Makubaliano hayo ni mkataba na ni ushahidi mzuri, lakini si hukumu inayoweza kutekelezwa kwa nguvu ya mahakama. Kama bibi angekataa, hatua iliyofuata ingekuwa Baraza la Kata. Hapo napo jirani alikuwa amemwambia mteja kwamba kata itahukumu. Ilikuwa hivyo zamani. Tangu marekebisho ya 2021, Baraza la Kata kwenye migogoro ya ardhi linasuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko ndiko kuna uwezo wa kuamua na wa kutoa zuio. Siku 30 ni nyingi kwa mtoto anayelala kwa jirani. Ndiyo maana nilikazana suluhu ipatikane mtaani.

Faili tupu la NDOA

Jioni hiyo mteja akiwa amerudi chumbani kwake, tulimuuliza kwa simu swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza: unataka talaka?

Alinyamaza. Kisha akasema, "Nataka alishe wanawe."

Wiki mbili kabla ya kufika kwetu alikuwa ameshakwenda Baraza la Usuluhishi la Ndoa la kata, akitii ushauri wa talaka kwanza. Mume aliitwa mara mbili hakutokea, na katibu akamwandikia mama barua kwenda mahakamani: "Tunawaletea wahusika, tumeshindwa kuwasuluhisha." Barua yenye muhuri, imekunjwa vizuri, alikuwa akiitunza ndani ya Biblia.

Barua ile ingeweza kumletea hasara kubwa, na wanaojisimamia wenyewe wanahitaji sana kulijua hili. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 101, inasema huwezi kupeleka maombi ya talaka mahakamani mpaka mgogoro uwe umepelekwa kwenye baraza na baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Zipo hali chache ambazo sheria inaziondoa kwenye sharti hilo, kwa mfano mwenza aliyekutelekeza na hujui alipo. Uthibitisho wenyewe una sura yake, Fomu Na. 3 ya kanuni za mabaraza ya usuluhishi za 1971. Barua ya kawaida ya kuwasindikiza watu si fomu hiyo. Mahakama zetu za juu zimebatilisha mashauri ya talaka kwa sababu ya kasoro ya namna hii, wakati mwingine baada ya wahusika kupita mahakama mbili au tatu na miaka kadhaa kwenda. Mtu anaambiwa arudi barazani aanze upya. Kwa hiyo anayetaka talaka kweli, kabla ya kutoka kwenye ofisi ya baraza, asome juu ya karatasi aliyopewa: ni Fomu Na. 3? Imesema baraza limeshindwa kusuluhisha? Ina maoni ya baraza na sahihi? Kama sivyo, aombe palepale, kwa adabu, iandikwe upya.

Mteja wetu hakuwa na haja nayo. Matunzo ya watoto hayasubiri talaka. Sheria ya Ndoa yenyewe, kifungu cha 129, inamtaka mwanamume kutunza watoto wake kwa malazi, mavazi, chakula na elimu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamruhusu mzazi, mlezi, mtoto mwenyewe na hata afisa ustawi wa jamii kuomba amri ya matunzo. Hakuna mahali inaposema ndoa ivunjwe kwanza. Ushauri wa talaka kwanza unazunguka mitaani kama sheria, na unawasukuma wanawake kuvunja ndoa ambazo hawajaamua kuzivunja, au kukaa kimya kwa kuogopa kuzivunja.

Aliuliza kuhusu kiwanja cha Chanika walichonunua pamoja. Nilimjibu ukweli wote. Mahakama hugawa mali ya wanandoa inapotoa amri ya talaka au ya kutengana, chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa, kwa hiyo akichagua kubaki kwenye ndoa asitegemee mgawanyo sasa. Ila siku ikifika, kazi zake za nyumbani zitahesabika kama mchango. Mahakama ya Rufani ililiweka hilo wazi 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Wengi wanaolitaja shauri hilo hawajui kwamba Bi Hawa mwenyewe alishindwa, kwa kuwa mahakama iliona pesa alizopewa na mume kwa ajili ya mradi alizitumia vibaya. Msimamo ulibaki na umewasaidia maelfu waliokuja baada yake. Nilimshauri mteja aandike mwaka walionunua kiwanja, nani alitoa kiasi gani, nani alishuhudia, akiweke pamoja na nakala ya mauziano. Ukurasa huo ndio kitu pekee kilichoingia kwenye faili la NDOA.

Faili la WATOTO

Alikuwa na hofu kwamba cheti cha ndoa mume ameondoka nacho. Kwa shauri hili hakikuwa na uzito alioudhani. Tulichohitaji ni vyeti vya kuzaliwa vya watoto, navyo vilikuwepo, jina la baba limeandikwa. Suala la vipimo vya vinasaba halikuibuka.

Tulianzia kwa afisa ustawi wa jamii. Mume aliitikia wito, akakubali 100,000 kwa mwezi, akalipa mwezi mmoja, akanyamaza. Nimeona makubaliano ya ustawi yakidumu miaka, na nimeona mengine yakifa mwezi wa pili kama hili. Halikuwa bure: karatasi ile ilionyesha kwamba alikiri wajibu na alikiri uwezo.

Hatua iliyofuata ilikuwa Kituo Jumuishi cha masuala ya familia, Temeke. Kwa wasiokifahamu, ni mahali ambapo mashauri ya ndoa, watoto na mirathi ya Dar es Salaam yamekusanywa tangu 2021, ngazi za mahakama zikiwa chini ya paa moja, pamoja na ustawi wa jamii na watoa msaada wa kisheria. Kwa mtu anayekwenda peke yake hiyo ni nafuu kubwa, hasa ukizingatia nauli. Nafuu nyingine ni lugha. Kabla ya marekebisho ya 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote, ukivuka mahakama ya mwanzo ulikuwa unakutana na karatasi za Kiingereza, na mtu aliyejisimamia alikuwa anasaini asichokisoma.

Maandalizi yalituchukua mchana wa siku tatu. Sheria ya Mtoto inaitaka mahakama iangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, kama kuna anayeshindwa kuchuma kwa sababu fulani, watoto wengine wanaomtegemea anayedaiwa, gharama za maisha mahali mtoto anapoishi, na haki za mtoto. Tuligeuza mambo hayo kuwa maswali tukayajibu kwa daftari la maandazi. Chakula kwa wiki, kiasi gani? Shule ya serikali haina ada, lakini sare, madaftari, michango na chakula cha mchana? Kliniki? Mwanzoni alisema, "Kama laki mbili hivi." Tukahesabu siku kwa siku kwenye mauzo na matumizi yake, ikatoka pungufu ya hapo. Nilimwambia aiache ilivyo. Hakimu akikuta tarakimu moja imetiwa chumvi, atazitilia shaka zote.

Kisha tukafika kwenye kodi. Malazi ni sehemu ya matunzo, sheria imelitaja neno lenyewe. Kwa hiyo deni la nyumba lilikuwa pia ushahidi wa kile ambacho baba hakukitoa. Mafaili mawili tuliyoyatenga Jumatatu ile yakakutana hapa: makubaliano yenye muhuri wa mtaa yakawa kielelezo, na bibi mwenye nyumba, aliyemfungia mlango, akakubali kuandika barua ya kuthibitisha kwamba tangu baba aondoke aliyelipa ni mama, na miezi miwili ilikwama.

Jioni ya mwisho tulifanya mazoezi ya kusema. Nilikaa upande wa hakimu, mwenzangu akawa mume. Mara ya kwanza mteja alizungumza dakika kumi na moja kuhusu mwanamke mwingine. Namwelewa, hayo ndiyo yanayouma. Lakini shauri lilikuwa la watoto. Tukamwandikia mistari minne kwenye kadi: watoto ni hawa, vyeti hivi. Baba aliondoka tarehe fulani. Tangu hapo ametoa mara mbili. Watoto wanahitaji kiasi hiki, hesabu hii hapa. Mara ya tano alimaliza kwa dakika mbili, akakaa, akalia kidogo, akasema sasa naweza.

Siku yenyewe nilikaa nyuma. Mume alikuja, shati jeupe, akasema yeye ni dereva wa lori la mchanga, hana mshahara, analipwa kwa tripu, na ana mtoto mwingine mchanga. Hayo mawili ya mwisho sheria inayapa nafasi, na mteja tulikuwa tumemwandaa asiyapinge. Alipoulizwa kama ana la kujibu, alisema: "Mheshimiwa, wiki mbaya anapata tripu sita. Namfahamu, nilikuwa namfulia nguo na kumhesabia." Mume hakukanusha.

Walipewa nafasi ya kuzungumza mbele ya msuluhishi. Walitoka na makubaliano ambayo mahakama iliyasajili kuwa amri: 90,000 kwa mwezi kwa ajili ya chakula na shule, na nusu ya kodi, 30,000, akiituma moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Pungufu ya alichoahidi kule ustawi? Ukijumlisha, ni zaidi kidogo. Tofauti kubwa ni kwamba hii ni amri. Akikiuka, mama hahitaji kuanza upya, anarudi na namba ya shauri kuomba utekelezaji.

Hilo halikuchukua muda. Mwezi wa tatu alichelewesha siku kumi na tisa. Tulimwandalia mama barua ya ukurasa mmoja kwa ajili ya mahakama, na kabla haijapelekwa pesa ikaingia. Barua bado ipo kwenye faili, tarehe imeachwa wazi.

Deni la nyumba limebaki awamu moja. Bibi amenunua kitabu cha risiti, kile chenye karatasi ya kaboni katikati. Mjukuu ndiye anayeandika, bibi anaweka dole gumba. Risiti Na. 001 ni ya 30,000, imeandikwa "nusu kodi, kutoka kwa baba watoto", na nakala yake tumeibandika nyuma ya amri ya mahakama.